Jina la Tatu

Mashine ya lebo za wagonjwa ilitoa jina moja zaidi. Kissa, mtaalamu wa kompyuta, alikuwa ameandika Xavery na Dionis, jina la mtoto na la baba yake, lakini karatasi ilitoka imeandikwa Xavery Dionis Qamara, nayo ilikuwa baridi na inanuka udongo uliotoka kuchimbuliwa.

"Kosa la programu tu," alijiambia. Programu aliiandika mwenyewe kwa lugha ya kompyuta ya C, baada ya kuhamishiwa kituo hiki cha afya juu ya kijiji cha Nambis kutoka Rungwe, na aliijivunia kweli. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kuunganisha majina mawili yawe moja. Ukisahau kutenga nafasi ya alama ya mwisho, kompyuta haijui jina linaishia wapi, inaendelea kusoma chochote kilichobaki mbele kwenye kumbukumbu.

Lakini Xavery, akiwa amefungwa lebo ile mkononi, hakuitika tena jina lake mpaka nesi Hilaria alipoikata kwa mkasi.

"Mzee Qamara alifia hapa kituoni kabla hujaja," Hilaria alinong'ona. "Ndugu hawakuja kuchukua mwili. Andika kwa mkono, dada, achana na hiyo mashine."

Kissa alikuwa mbishi. Hata mwanawe Rogers, wa miaka sita, alipolazwa kesho yake kwa nimonia, Kissa alisema mtoto wa mtaalamu hawezi kuvaa lebo ya kalamu.

Alitenga nafasi ya kutosha, akaweka alama ya mwisho. Jina likarudi. Akapekua kumbukumbu kipande kwa kipande hadi akalikuta, kwenye sehemu iliyotengwa bila kuachiliwa kamwe: Qamara, Qamara, Qamara, jina ambalo yeye hakuwahi kuliandika popote.

Akonaay, mlinzi, alikuwa amesimama mlangoni. "Mama Rogers, usimfungulie huyo mzee. Kwetu hatumtoi mtu wa namna hiyo kabla ya kumuuliza anataka kwenda wapi."

"Mzee wangu, hii ni kompyuta."

Akaandika mstari wa kuiachilia ile nafasi, akaendesha programu, na papo hapo, ingawa ilikuwa saa tano asubuhi na ukungu ulishapanda, pumzi ya mtu aliyekaa kimya muda mrefu ikampita shingoni, ikatoka nje, na viatu visivyoonekana vikaanza kuburuta kwenye korido, taratibu, vikapita wodi ya wanaume, vikapita ya wazazi, vikasimama kwenye wodi ya watoto.

Lebo ikatoka safi: Rogers Octavian. Kissa alikimbia nayo.

Mtoto alikuwa amekaa kitandani, kikohozi kimekwisha, viganja vimetulia juu ya magoti.

"Rogers. Rogers, baba."

Hakugeuka. Alipomfunga lebo, mkono ulikuwa wa baridi. Kissa akaanza kulia, akiomba msamaha bila kujua anamwomba nani.

Akonaay aliingia nyuma yake. Alikuwa akikaribia miaka sabini, na hapo kituoni kila mtu humwamkia. Alimtazama yule mtoto, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo," akasema Akonaay.

"Marahaba," akajibu Rogers.