Kisima Namba Saba cha Dunmorran

OMBI LA MAREKEBISHO MADOGO YA JINA LA MAHALI PA MAJI (PASIPO PA UMMA): Kisima Namba Saba, Ranchi ya Dunmorran.

Hivyo ndivyo jambo lenyewe lilivyoitwa ofisini, na mpaka leo faili lake linaitwa hivyo.

Dunmorran ni ranchi ya kuendesha gari tangu asubuhi hadi jioni bila kukutana na geti la pili. Mskoti mmoja aliyekuja na ng'ombe na Biblia aliichukua kwa watu ambao hawakujua kwamba nchi ni kitu cha kuchukulika. Akachimba visima, akavipa majina ya binti zake: Euphemia, Constance, Harriet na wadogo zao. Binti wakaisha visima vikiwa bado, kwa hiyo cha saba kikaitwa Rex, jina la mbwa. Mskoti akaiuzia kampuni ya nyama ya ng'ambo. Kampuni ikamwuzia tajiri aliyeitazama ranchi mara moja kutoka kwenye helikopta, akashuka, akalalamikia nzi, akapanda tena. Muda wote huo waliochunga ng'ombe walikuwa watu walewale wenye nchi, wakilipwa unga, chai na sukari. Mwishowe mahakama ikawarudishia, kwa hotuba na keki. Mmoja wa wazee walioikata keki hiyo alikuwa mumewe Nettie. Kabla mwaka haujaisha, alianguka akafa pale Rex, akinywesha farasi wake.

Jina lake halitajwi hapa. Watu wa kule hawamtaji marehemu. Picha zake hugeuzwa zikatazama ukuta, nyumba yake hufukizwa moshi wa majani, mjane huhamishwa, na hata jirani mwenye jina hilohilo hutafutiwa la kuazima. Nettie akahamia nyumba kubwa ya ranchi kwa binti yake Rhonda, meneja wa kwanza wa Dunmorran aliyezaliwa Dunmorran.

Rhonda ndiye aliyepeleka ombi. Hakutaka mahali alipofia baba yake pabaki na jina la mbwa; alitaka Rex kiitwe Kisima cha Mashariki, basi. Lakini Bwana Pym wa ofisi ya ardhi, kijana mwenye moyo mzuri, aliona Mashariki ni jina la kivivu. Alikuwa amesoma habari za msiba gazetini. Akaandika jina la marehemu, la kwanza hadi la ukoo, kwa heshima zote, na akatuma kibao cha chuma.

Fundi wa pampu, mzungu wa pwani aitwaye Craig, alikipigilia kibao hicho kabla mtu hajamwona. Na kwa kuwa kanuni za usalama zinamtaka kila anayetoka atangaze redioni jina rasmi la mahali anapokwenda, asubuhi iliyofuata alilitangaza.

Redio ya mawasiliano ilikuwa jikoni. Nettie alikuwa akikanda unga. Mikono yake ikasimama humohumo ndani ya bakuli.

"We Craig!" Rhonda aliirukia redio. "Tulikwambia nini?"

"Kanuni, bosi. Nasoma kibao."

"Kibao hakina mama mjane jikoni!"

"Sasa niseme nakwenda wapi? Huko nisikokujua?"

"Sema Rex. Sema mbwa. Sema lolote."

Akaachia kitufe. Redio ikakwaruza, ikanyamaza, ikavuta pumzi. Kisha sauti ya tatu ikasema polepole, kama ya mtu aliyeamshwa:

"Nipo."

"Nani huyo?" Craig aliuliza. "Bosi, ni wewe?"

Nettie hakuinua macho kutoka kwenye unga. "Ni yeye," alinong'ona.

Siku hiyo harufu ya marehemu ilianzia getini: tumbaku nyeusi ya kusokota, na farasi aliyelowa, katika nchi ambayo mvua yake ilikuwa imekuwa hadithi ya wazee. Mchana Craig alirudi bila kicheko chake.

"Ng'ombe wamelizunguka birika la kunyweshea, bosi. Wote. Hawanywi. Wanayaangalia maji tu, kama watu wanaosubiri taarifa ya habari."

"Umelitaja jina tena?"

"Mara moja. Niliwatania. Nikawaambia wanywe, ni kisima cha..."

Rhonda alimziba mdomo kwa kiganja. Harufu ilikuwa imeshaingia uani.

Akapiga simu ofisi ya ardhi.

"Bwana Pym, naomba jina hilo lifutwe leo."

"Pole sana, Bi Rhonda. Ila ni heshima ndogo tu kwa Bwana..." Naye akalitaja.

Nje, kwenye uzio, chuma kiligonga jiwe.

"Usilitaje!"

"Nakuelewa kabisa. Kuondoa jina kunahitaji sababu. Ninazo hapa: makosa ya uandishi, mgogoro wa mpaka, na mengineyo."

"Mengineyo."

"Mengineyo inataka maelezo."

"Andika: anaitika."

Bwana Pym alisikika akichapa. "Nani anaitika?"

"Mwenye jina."

"Yaani Bwana..." na akalitaja tena, taratibu, kila silabi mahali pake, kama mtu anayehakikisha hajakosea, na kwa kila silabi buti moja ilikanyaga ngazi ya baraza na nyingine ikaburuzwa nyuma yake, vyuma vya visigino vikikwaruza mbao, kanyaga na buruta, kanyaga na buruta, hadi zikasimama nyuma ya mlango wa jikoni katika jua kali la adhuhuri, na chini ya mlango, mahali ambapo vivuli vya miguu miwili vilipaswa kuonekana, mwanga ulipita bila kuzuiwa na chochote.

Rhonda alikata simu. Mama yake alikuwa amekwishasimama.

"Kaa, mama."

"Amechoka, mwanangu. Sikia anavyovuta mguu."

"Kaa chini, nakuomba."

Shangazi Maudie, dada wa marehemu na mganga wa watu wa pande zile, alifika jua likianza kuteremka, katika gari ambalo mlango wake ulifungwa kwa waya. Alidai kwanza chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Kisha akaketi barazani peke yake, macho kafumba, akazisikiliza hatua zikiizunguka nyumba. Aliporudi ndani, chai ilikuwa imepoa mkononi mwake.

"Wifi, kaka yangu alichechemea mguu gani?"

"Wa kushoto. Farasi alimlalia."

"Hili linaburuta wa kulia."

Maudie aliweka kikombe mezani.

"Ni jini la pale chini ya kisima," Maudie alisema kwa sauti ya chini. "Wazee walipakwepa mahali pale. Hawakulala, hawakunywa. Mskoti aliambiwa, akachimba. Halikuwa na jina, na kisicho na jina hakiitwi wala hakitoki. Lilikaa likawatazama wenye mali wakipokezana karatasi. Sasa serikali imelipatia jina la mtu, na kibao juu."

"Lakini kiliitwa Rex miaka yote," Craig alisema.

"Mbwa hana mke wa kumwitikia."

Craig alitumwa akang'oe kibao na kukifukia mbali kwenye mchanga mwekundu, na safari hii hakuuliza kanuni. Maudie alikusanya majani mabichi, akawasha moto kwenye pembe za nyumba, akaacha moshi uingie kila chumba mpaka macho yakachuruzika.

"Litaita," aliwaonya. "Msiitike. Hasa wewe, wifi. Ukiitika, umelipokea."

Rhonda alifunga kiganja chake na cha mama yake pamoja kwa taulo la jikoni, wakaketi sakafuni bega kwa bega. Jua lilipogusa ardhi jini lilianza kuita, kwanza kwenye dirisha la nyuma, kisha ukutani, kisha kwenye bomba la maji, kwa sauti ya marehemu akiwa kijana, akiwa mzee, akiwa na homa, likiomba blanketi, likiuliza farasi kalishwa na nani, na kila lilipopita kwenye moshi lilikohoa kikohozi chake hasa kile cha asubuhi, na kila mara Nettie alivuta pumzi ya kujibu na Rhonda akambana mkono, na huko nje Maudie aliimba bila kupumzika, sauti imekauka, mpaka hatua zikaanza kurudi nyuma, ngazi, ua, uzio, na harufu ya tumbaku ikawa nyembamba, na kutoka mbali sana ng'ombe wakasikika wakilia kama ng'ombe wa kawaida wenye kiu.

"Linaondoka," Rhonda alinong'ona. "Mama, linaondoka."

Ndipo simu ilipolia. Hakuna aliyekumbuka kuichomoa. Ililia hadi mashine ya ujumbe ikajipokelea yenyewe, na sauti ya Bwana Pym, aliyebaki ofisini baada ya saa za kazi kwa wema wake tu, ikajaza jikoni.

"Habari njema, Bi Rhonda! Nimeliharakisha. Kwa ajili ya kumbukumbu, ninathibitisha kuondolewa kwa jina la..."

Rhonda alilifungua taulo ili aifikie mashine. Aliing'oa ukutani na waya zake. Alikuwa amechelewa: jina lilikuwa limesomwa lote, kama kanuni inavyotaka.

Nje Maudie aliacha kuimba. Kitasa cha jikoni kilitikisika kidogo, kwa adabu, kama cha mtu anayerudi nyumbani na buti za matope.

"Net," ilisema sauti, karibu kabisa. "Chai ingalipo?"

"Mama, usi..."

"Ipo, baba Rhonda," Nettie alisema.

Polisi waliandika kwamba mwanamke mzee alitangatanga akapotelea jangwani kwa joto na kiu. Ofisi ya ardhi iliandika kwamba ombi limekamilika. Nettie aliitika, akafungua mlango, akaenda nalo.