Sauti ya Mama Kwenye Simu ya Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani yake, Bibi alisikiliza vipimo. Aliiweka simu juu ya meza ya kukatia, akabonyeza, na sauti ya binti yake ikajaa chumbani. "Mama, sikia. Kifua thelathini na sita, kiuno thelathini. Mwenyewe anasema hataki gauni la kumbana, lakini wewe mbane kidogo, anajipenda huyu." Bibi alicheka palepale alipocheka jana, kisha akavaa miwani na kuanza kazi.

Mwenye sauti hiyo alikuwa amefariki. Enzi za uhai wake, yeye ndiye aliyekwenda majumbani kuwapima wateja, na Bibi ndiye aliyekata na kushona. Macho ya Bibi hayakuelewana tena na maandishi madogo, kwa hiyo vipimo vyote vilitumwa kwa sauti. Nguo zenyewe zilikuwa zimeshavaliwa na kuchakaa, nyingine zimegeuka matambara ya kudekia. Hata hivyo Bibi hakukubali kufuta kipimo hata kimoja. Picha za binti yake alikuwa nazo ukutani, lakini alisema picha haicheki.

Binti huyo aliacha mtoto mmoja wa kike, aliyekuwa darasa la sita. Bibi alimwita Injinia, kwa kuwa ndiye pekee nyumbani aliyeweza kuifanya simu itii. Injinia hakupenda kusikiliza vipimo. Sauti ya mama yake ilipoanza, alichukua ndoo akatoka kwenda kuteka maji, hata kama pipa lilikuwa limejaa. Bibi aliliona hilo na hakumuuliza.

Bibi alipenda redio kama wengine wanavyopenda chai. Cherehani ikilia huku, taarifa ya habari inasema kule. Ndivyo alivyojua kuwa kampuni mbili kubwa za mawasiliano zilikuwa zikigombea kununua kampuni changa iliyotengeneza programu ya ujumbe aliyoitumia. Mamlaka ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara ilikataa mwanzoni. Ilisema mkubwa akimmeza mdogo, wananchi hawatakuwa na pa kukimbilia siku bei ikipanda. Mabishano yakawa marefu. Mwishowe mamlaka ikaruhusu mojawapo inunue, kwa masharti. Kabla programu ile haijafungwa, kila mtumiaji apewe muda wa kuhamisha ujumbe wake kwenda kwenye programu mpya. Muda ukiisha, kilichobaki kifutwe kabisa, ili siri za watu zisije zikauzwa.

"Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi," Bibi alisema, akizima redio. "Lakini safari hii nyasi tumepewa taarifa mapema. Injinia, nihamishie sauti za mama yako, zote. Kifurushi cha intaneti nimeshanunua."

Jumamosi Injinia akaketi na simu kibarazani. Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila ilitaka subira. Simu ilikuwa kuukuu, na ilipaswa kuachwa bila kuguswa mpaka mstari mdogo wa kijani ufike mwisho. Mstari ulitambaa. Rafiki yake wa nyumba ya pili akaja, akasema kuna mchezo mpya wa magari unaopatikana bure. Injinia aliutazama mstari, akautazama uso wa rafiki yake, akakatiza uhamishaji. Walicheza mpaka kifurushi kikaisha.

Bibi alipouliza kutoka ndani kama kazi imekwisha, Injinia alijibu, "Tayari, Bibi."

Alijiahidi kumalizia kesho. Kesho ilikuwa na mazoezi ya kwaya, na kesho yake ilikuwa na mtihani. Neno lile moja lilimkaa kooni kwa muda, kisha likateremka, akalisahau. Uongo una tabia hiyo. Mwenyewe husahau mapema, na anayekuja kuumia ni yule aliyeuamini.

Programu ikafungwa kama redio ilivyotangaza. Asubuhi hiyo Bibi aliweka simu mezani, akabonyeza programu mpya, akangoja. Kimya. Akabonyeza tena. Akaipangusa simu kwa kanga yake, labda vumbi, akabonyeza kwa kidole kingine. Injinia alikuwa mlangoni, amevaa sare ya shule.

"Mbona hasemi?" Bibi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo mno.

Injinia alisema labda ni kosa la kampuni ile kubwa, labda wameharibu. Bibi aliamini mara moja. Alikaa juu ya kiti cha cherehani akalia bila kuficha uso, kama alivyolia siku ya msiba. Siku hiyo hakushona chochote, na wateja waliobisha hodi walirudishwa.

Kesho yake alivaa gauni lake la heshima, akamwombea Injinia ruhusa shuleni, wakaenda kwenye ofisi ya mamlaka ile. Ilikuwa ghorofani, chumba chenye feni iliyozunguka bila kuleta hewa na benchi lililojaa watu wenye malalamiko. Afisa aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo. Alimwamkia Bibi kwa adabu, akawavutia viti, akasikiliza habari zote za sauti za marehemu. Alieleza kwamba kama kampuni ilipoteza ujumbe uliokwisha kuhamishwa, imevunja masharti, na ataiita ijibu. Alichohitaji kujua ni jambo moja tu, kama uhamishaji ulifanyika ndani ya muda.

"Ulifanyika," Bibi akasema. "Huyu mjukuu wangu ndiye aliyefanya. Hana uongo huyu, nimemlea mwenyewe."

Afisa akashika kalamu. Injinia aliiona ile kalamu ikishuka kuelekea karatasini, na mkono wa Bibi umetulia begani kwake, mzito na wenye joto. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe. Kampuni ilikuwa kubwa kiasi cha kubebeshwa lolote.

"Sikuhamisha," alisema. "Bibi, sikuhamisha. Nilicheza. Nikakwambia tayari, na haikuwa tayari."

Mkono wa Bibi ukaondoka begani. Hakugomba. Laiti angegomba. Alitazama feni tu, machozi yakimshuka mpaka kwenye kola aliyoishona mwenyewe. Afisa aliweka kalamu chini, akasema kwa upole kwamba sheria iliitaka kampuni ifute kila kilichobaki, na ilikuwa imefuta. Kwenye kampuni hakukuwa na mahali pengine pa kutafuta.

Walipofika mlangoni akawaita. "Mama, ujumbe una pande mbili. Kuna aliyetuma na kuna aliyepokea. Marehemu hakuwa akimtumia mtu mwingine? Kama huyo alihamisha wa kwake, bado anao."

Bibi alifikiri, akasema polepole, "Muuza vitambaa."

Duka la muuza vitambaa lilikuwa sokoni, nyuma ya maduka ya vyombo. Mzee huyo alikuwa amehamisha ujumbe wake wote siku ya kwanza kabisa. Alisema oda za wateja ni mtaji, hazichezewi. Injinia akainamisha kichwa. Mzee alitafuta, akapata ujumbe mmoja tu, maana mwingine wote alikuwa akiufuta kila alipokwisha kukata kitambaa. Alisema huu aliuacha kwa sababu humchekesha.

Safari hii Injinia hakutafuta ndoo. Alisimama karibu na Bibi akasikiliza.

"Mzee wangu, shikamoo. Nikatie ile bluu ya sare, ya binti yangu. Urefu wa sketi ishirini na mbili, lakini niongezee, usinibanie. Huyu mtoto anarefuka kila nikigeuka. Bibi yake ataacha upindo mpana, akikua tunashusha. Na usinikatie ile ya mwisho wa jora, nakujua wewe."

Mzee alicheka, kisha akaona wateja wake wanalia, akajifanya kupanga majora.

Nyumbani, Bibi alimvua Injinia sketi ya sare. Ilikuwa imeshapanda juu ya magoti, na wote wawili walikuwa hawajaliona hilo. Akageuza upindo, akaanza kufumua uzi.

"Fahali hawakutuumiza," alisema bila kuinua kichwa. "Waliambiwa watupe muda, wakatupa. Kilichonipotezea sauti ya mwanangu ni neno moja la kwako. Nimekusamehe, kwa sababu ulisema kweli pale ambapo ungeweza kumtwisha mwingine. Lakini kuumia nitaumia, sitakudanganya. Fundi hasemi tayari mpaka afunge fundo, mjukuu wangu. Ukisema kabla, nguo itamfumukia mtu mbele za watu, na huyo mtu anaweza kuwa ni yule anayekupenda."

Injinia aliitikia. Uzi wa mwisho ukatoka. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani ya upindo kilikuwa bado bluu iliyokolea, hakijawahi kuona jua. Bibi alikinyoosha kwa kiganja, akampa Injinia sindano, akamwonyesha pa kuanzia. Injinia alishona taratibu mpaka mwisho, akafunga fundo, akalivuta kuona kama limeshika.

"Tayari, Bibi," akasema.

Bibi akaichukua sketi, akalivuta lile fundo naye.