Chombo Kilichowekwa Miavuli

Asubuhi hiyo Mama Pacha alichemsha chai, akageuka kuchukua chupa ya chai rafuni, hakuiona. Akatazama chini ya meza. Akatazama kwenye beseni la vyombo. Mwisho akasimama katikati ya jiko, akashika kiuno, kwa sababu alishajua ilikokwenda.

Ilikuwa chupa ya tatu.

Mabinti zake pacha walikunywa chai yao moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, wakaenda shule. Mama Pacha akakaa kwenye cherehani yake barazani, akashona kwa hasira mpaka uzi ukakatika mara mbili. Kituo kizima chenye majengo na magari, aliwaza, kinakuja kukopa chupa kwa fundi cherehani.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa mhudumu wa maabara katika kituo cha kuzalisha ng'ombe wa maziwa. Aliosha vyombo, alifuta meza, na kila asubuhi alibeba naitrojeni kutoka stoo hadi maabara. Naitrojeni ni sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Ikipozwa sana hugeuka kuwa kimiminika, yaani inatiririka kama maji. Lakini usiiite maji. Baridi yake ni nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri. Hakuna barafu ya jokofu inayoikaribia. Pale kituoni waliitumia kuhifadhi mbegu za madume bora, ili mfugaji apandishiwe ng'ombe wake bila kufuga dume.

Tangi kubwa la naitrojeni lilikuwa stoo. Maabara ilikuwa mwisho wa korido ndefu. Chombo cha kubebea hakikuwapo. Siku ya kwanza Baba Pacha alipouliza abebe na nini, mkuu wa maabara alimjibu bila kuinua macho kwamba chupa ni chupa. Inayotunza moto hutunza na baridi. Baba Pacha hakuwa mtu wa maneno mengi. Akachukua chupa ya nyumbani. Ilipasuka kioo cha ndani wiki hiyohiyo. Akachukua ya pili, nayo ikapasuka. Sasa alikuwa na ya tatu.

Na kulikuwa na jambo jingine. Naitrojeni ikiwa wazi hutoa ukungu mweupe. Mkuu wa maabara hakuupenda ukungu ule koridoni. Alisema unatisha wageni. Akamwagiza Baba Pacha afunge kifuniko cha chupa, na akifunge kwa nguvu.

Baba Pacha akafunga kwa nguvu.

Alikuwa amefika nusu ya korido aliposikia chupa inalia mkononi, sauti nyembamba kama ya birika linalokaribia kuchemka. Akaiweka haraka kwenye ukingo wa dirisha. Hakuwahi kuondoa mkono. Chupa ililipuka. Kifuniko kiligonga dari. Vipande vya kioo vilimchana kiganja cha mkono wa kulia na shavu, na naitrojeni ikamrukia kifundo cha mkono.

Karani wa mapokezi ndiye aliyemkimbilia. Hakumsugua palipoungua kwa baridi. Alimwagia maji ya uvuguvugu, akafunga jeraha kwa kitambaa safi, akampeleka hospitali. Huko Baba Pacha alishonwa nyuzi tisa mkononi na tatu shavuni. Daktari alimwambia kwamba kile kipande cha shavuni kingepanda juu kwa upana wa kidole kimoja, sasa wangekuwa wanazungumza habari za jicho.

Siku tatu baadaye Baba Pacha alirudi nyumbani na karatasi. Aliiweka mezani. Mama Pacha alifuta mikono, akaisoma. Kisha akaisoma tena, polepole, kwa sauti:

"Mhudumu alijeruhiwa kwa uzembe wake mwenyewe. Alitumia chombo cha nyumbani bila idhini."

Chini palikuwa na nafasi ya Baba Pacha kuweka sahihi.

"Na wewe ulitaka kusaini?" aliuliza.

Baba Pacha alisema kazi ni kazi, na mkubwa hakosi. Mama Pacha aliikunja karatasi mara nne, akaiingiza kifuani mwake, akamwambia kwamba mkono wake wa kulia umeshonwa, hawezi kusaini kitu, na wa kushoto asithubutu. Akampigia simu dada yake mkubwa.

Dada huyo alikuwa muuguzi katika kliniki ya ngozi. Huko waligandisha chunjua za wagonjwa kwa naitrojeni hiyohiyo, kwa hiyo aliifahamu kwa miaka kumi na minne. Alifika jioni ileile, kabla hata hajavua viatu akauliza chupa ilikuwa ya namna gani. Alipoambiwa ilikuwa chupa ya chai, tena yenye kifuniko cha kuzungusha, alifumba macho kidogo.

"Shemeji," alisema, "shukuru Mungu uko hapa unanitazama."

Akawaeleza. Naitrojeni haitulii. Muda wote inageuka kuwa hewa. Lita moja ya kimiminika hutoa karibu lita mia saba za hewa. Ukifunga kifuniko, hewa hiyo haina pa kutokea. Ni sawa na kuswaga ng'ombe mia saba ndani ya banda la ng'ombe mmoja, halafu ukakomea mlango. Lazima banda lipasuke.

Baba Pacha aliuliza, kwa sauti ya chini, kama angeacha chupa wazi ingekuwa salama.

"Hapana. Usingelipukiwa na kifuniko, lakini kioo cha chupa ya chai ni chembamba, na kimetengenezwa kwa chai. Baridi ile ya ghafla hukivunja chenyewe. Zile mbili za kwanza zilipasuka kwa nini?"

Baba Pacha alitazama mkono wake uliofungwa. Mama Pacha yeye aliinuka akaenda kusimama mlangoni kwa hasira. Mambo haya yanajulikana. Si siri. Yameandikwa vitabuni, yanafundishwa, dada yake ameyasema kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Na mtu mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka hakuona haja ya kuyauliza.

Asubuhi wote watatu walikwenda kituoni.

Mkuu wa maabara aliwapokea akiwa na haraka. Alisema amesikitika, ajali ni ajali, kilichobaki ni sahihi tu. Mama Pacha aliitoa karatasi, akaikunjua, akailaza mezani.

"Mkuu, mimi ni fundi cherehani," alisema. "Mteja akiniletea kitambaa, napima kwanza ndipo nikate. Wewe umempa mume wangu kitu kinachoweza kumtoa jicho, na hukupima chochote. Kimempasukia, sasa unaandika mzembe ni yeye. Nani alimwambia abebe kwa chupa ya chai?"

Mkuu alisema hakumbuki kutoa agizo la namna hiyo. Akaongeza kwamba mambo haya ni ya kitaalamu, mama hangeyaelewa.

"Basi tuyazungumze kitaalamu," alisema dada mtu.

Mkuu akashusha pumzi, akasema kama chupa haifai, mhudumu atapewa ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Muuguzi alimweleza kwamba plastiki ya ndoo, kwa baridi ile, hukauka ikavunjika kama biskuti, na mfuniko ndio uleule uliompasua mtu. Mkuu akapendekeza lile sanduku la kubebea soda baridi. Muuguzi akamwambia hilo ni la soda. Hapo ndipo alipogeuza uso kando, ili asiseme neno baya, na macho yake yakatua kwenye kona ya ofisi.

Pale konani palikuwa na pipa dogo la alumini, zito, lenye vishikio viwili na mdomo mpana. Ndani yake mlikuwa na miavuli miwili na ramani iliyokunjwa.

"Mkuu," aliuliza, "hicho umekipata wapi?"

Mkuu alisema kililetwa na vifaa vya mradi fulani, miaka mitatu iliyopita. Hakikuwa na maelezo ya lugha aliyoijua, basi wakaona kinafaa kwa miavuli.

Muuguzi akaenda, akatoa miavuli mmoja mmoja, akaiegemeza ukutani. Akamwita Baba Pacha atazame ndani. Akamwonyesha kwamba chombo kile kina kuta mbili, na kati ya ukuta na ukuta hewa yote imenyonywa. Pasipo na hewa, joto la nje halipati njia ya kuingia. Hicho ndicho chombo cha naitrojeni.

"Miaka mitatu kipo hapa," alisema Mama Pacha. "Mume wangu anabeba kifo kwa chupa zangu, na mwavuli wako umelala ndani ya chombo chake."

Mkuu alianza kusema kwamba mhudumu naye alipaswa kujua kwamba kifuniko hakifungwi. Lakini karani wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni na faili mkononi. Hakuwa mtu wa kuingilia. Siku hiyo aliingilia.

"Mkuu, ulimwambia afunge kwa nguvu. Ulisema ukungu unatisha wageni. Nilikuwapo. Na nikiulizwa popote nitasema hivyohivyo."

Mkuu wa maabara aliivuta ile karatasi. Kisha akachukua kalamu, akapiga mstari kwenye maneno ya uzembe. Mama Pacha akasema mstari hautoshi, iandikwe upya. Ikaandikwa upya, kwamba mhudumu alitumia chupa ya chai kwa maagizo ya mkuu wake, kwa kuwa hakupewa chombo kinachofaa. Ndipo Baba Pacha akasaini kwa mkono wa kushoto, herufi zikapinda kama mguu wa kaa.

Muuguzi hakuondoka. Aliomba kile chombo kijaribiwe. Kifuniko chake kilikutwa kabatini kikikandamiza mafaili, na Baba Pacha aliona kwamba hakina hesi, ile mistari ya kukazia kwa kuzungusha. Kilikaa juu kwa kulegea tu, kikiacha nafasi ya hewa kutoka. Wakakipeleka stoo. Muuguzi alivaa kinga ya uso na glavu nene zilizolegea, alizokuja nazo mkobani, maana za kituoni zilikuwa za mpira mwembamba. Glavu ilegee, alieleza, ili naitrojeni ikiingia uweze kuikung'uta mara moja. Akamimina kidogo kwanza, chombo kizoee baridi. Ilipoacha kutokota akaongeza polepole. Wakasubiri nusu saa. Ukuta wa nje ulibaki mkavu.

Akasema chombo ni kizima. Kama nje kungetoka jasho na kuganda barafu, ingekuwa na maana kwamba hewa imeingia kati ya kuta, na chombo cha hivyo hakifai tena, hata kingekuwa kinang'aa vipi.

"Ila shemeji, hiki ni cha maabara," alisema. "Mdomo ni mpana, unaweza kuingiza koleo ukatoa mbegu. Kwa kubeba koridoni utahitaji chenye shingo nyembamba. Hakimwagiki ovyo, wala naitrojeni haipotei upesi. Kabla ya kuchagua, jiulize kwanza chombo kinakwenda kufanya kazi gani."

Baba Pacha aliuliza mwenyewe swali jingine, jambo lililomshangaza mkewe. Aliuliza kwa nini siku nyingine kichwa kilimzunguka stoo. Muuguzi akatazama madirisha. Yalikuwa yamepigiliwa misumari kuzuia vumbi. Akaeleza kwamba hewa ya naitrojeni haina harufu wala haikuwashi, lakini ikijaa chumbani huifukuza hewa tunayohitaji kuishi. Mtu huanguka bila hata kukohoa. Mama Pacha hakusubiri ruhusa ya mtu. Aliomba nyundo.

Chombo cha shingo nyembamba kilifika baada ya wiki tano. Katika wiki hizo Baba Pacha alikataa kubeba naitrojeni kwa kitu kingine chochote, hivyo maabara ikabidi ihamishie meza yake ya mbegu karibu na stoo. Mkuu wa maabara alinung'unika, lakini hakuagiza tena. Na ikaonekana jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Wafugaji waliokuwa wakilalamika kwamba ng'ombe wao hawashiki mimba walianza kurudi na habari njema. Kumbe kwenye chupa za chai naitrojeni ilikuwa ikipungua upesi, na mbegu zilikuwa zikifa kabla ya kutoka mlangoni.

Siku moja mkuu alikuwa na safari ya kuwapelekea wafugaji mbegu. Alikaa kiti cha mbele kwenye gari la ofisi, kando ya dereva, madirisha yamepandishwa, kiyoyozi kinavuma. Akamwita Baba Pacha aweke kile chombo kipya, chenye mbegu ndani ya naitrojeni, kiti cha nyuma.

Baba Pacha alikuja nacho amekishika kwa vishikio viwili. Alisimama kando ya gari, hakufungua mlango.

"Humu hakiingii, mkuu," alisema. "Kitakwenda na pikapu, nyuma, kifungwe kisianguke."

Mkuu alisema ana haraka, na siku zote naitrojeni imekuwa ikienda humo. Baba Pacha hakusogea. Alibaki amesimama na chombo chake, na ukungu mwembamba ukitoka taratibu chini ya kifuniko. Baada ya muda mkuu alifungua mlango, akashuka, akaenda mwenyewe kutafuta funguo za pikapu.

Dereva naye alizima gari. Alikuwa mtu mzima, mwenye miaka mingi kwenye usukani ule. Aliuliza kulikoni, na Baba Pacha akamweleza kwa maneno machache, kuhusu hewa isiyo na harufu na madirisha yaliyofungwa.

Dereva alirudisha mikono juu ya usukani.

"Kila safari kichwa kilikuwa kinaniuma," alisema. "Mara mbili nimekaribia kuingia mtaroni. Nikadhani ni njaa. Miaka yote hiyo, na hakuna aliyeniambia."

"Sasa umeambiwa," alisema Baba Pacha, akamfungulia madirisha yote manne.