Jini Lililokaribishwa Makambako

Nyayo zilianzia mlangoni mwa chumba cha mgeni, zikapita sebuleni na kuishia jikoni. Ema alizikuta asubuhi zikiwa mbichi, akaona haya kumwambia mgeni ajikaushe miguu, akaenda zake kuwasha jiko. Aliporudi na dekio, nyayo zilikuwa zimekauka na kuwa nyeupe kwenye sakafu nyekundu. Alidhani ni chokaa. Akagusa kwa kidole akaonja, maana Ema ni mtu wa kuonja kila kitu. Ilikuwa chumvi.

"Baba Jasmine," alimwita mumewe kwa sauti ya chini, "mgeni wako anaogea chumvi?"

Enoki alikuwa anafunga vifungo vya koti. Njombe ya mwezi wa sita haina mzaha. Ukungu ulikuwa umeshuka mtaani kwao Mjimwema mpaka miti ya miwati nyuma ya nyumba haikuonekana. Alizitazama nyayo, akasema labda ni dawa ya Kizungu ya miguu. Alijibu haraka mno, na Ema alimjua mumewe: akijibu haraka, kuna jambo.

"Na hii harufu ya ng'onda, nayo ni dawa?"

Kweli nyumba ilinuka samaki wakavu wa chumvi, wale wa pwani. Na jikoni kwa Ema samaki hakuwa ameingia tangu Pasaka.

Mgeni mwenyewe aliitwa Maren, muuguzi kutoka Denmaki, aliyetumwa na usharika rafiki kuja kutembelea wagonjwa na kuomba nao. Kiswahili chake kilikuwa pole, asante na karibu, basi. Enoki, mzee wa kanisa na mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa likizo, alijitolea kumkaribisha nyumbani na kumtafsiria. Tusimnyime haki yake, alijua kutafsiri. Maren akisema sentensi ya kukwamakwama, Enoki aliitoa kwa Kiswahili imenyooka kama shati lililopigwa pasi, na kinamama wakalia. Sifa zikaja, naye akazipokea zote, hata zile zilizokuwa za Maren.

Sasa tuseme alichokifanya Jumapili. Mwenyewe angependa tukiruke, lakini hatutakiruka.

Jumapili alasiri walikwenda Makambako kumwona Oktavia, mjane mwenye mgahawa karibu na reli. Mumewe alipokuwa hai alipeleka viazi pwani, na safari moja alirudi na jini la kumlindia biashara. Alipokufa, jini likabaki na mke, na mke akawa anakonda tu. Chumbani walikuwa watatu: Oktavia kitandani, Maren amepiga magoti, Enoki amesimama. Upepo ulikuwa unatikisa bati. Maren aliomba kwa Kiingereza, akaamuru pepo atoke. Enoki akaamuru baada yake kwa Kiswahili. Mara Oktavia akafumbua macho. Hakumtazama Maren. Alimtazama Enoki.

"Huyu mwanamke simsikii," ilisema sauti ya kiume, ya taratibu, yenye lafudhi ya pwani. "Nakusikia wewe. Wewe ndiye unayenifukuza. Haya, natoka. Lakini nje kuna baridi. Nikae kwako?"

Enoki aliutazama mlango.

"Anasemaje?" Maren aliuliza kwa Kiingereza.

Hapo mzee wa kanisa mzima, mtu wa kushika kapu la sadaka kila Jumapili, angeweza kusema kweli. Badala yake alinong'ona kwa Kiswahili, "Usije kwangu. Nenda kwa huyu. Yeye ana imani, atakuweza."

"Anikaribishe mwenyewe."

Enoki akamgeukia Maren, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu anataka kumpokea Yesu, na anaomba akaribishwe. Uso wa Maren ukachangamka. Akamshika Oktavia mikono yote miwili.

"Karibu," alisema. "Karibu sana."

Oktavia alipona papo hapo, akaomba uji. Wakati wa kurudi Njombe Maren aliimba garini, halafu akanyamaza, halafu akaomba dirisha lifungwe. Lilikuwa limefungwa.

Ndiyo maana Enoki alipoziona nyayo za chumvi asubuhi ya Jumatatu hakuhitaji kuonja.

Kesho yake Maren alivaa masweta mawili, akajifunika blanketi, akahamia jikoni. Ema alitoka kuanua nguo. Aliporudi alimkuta ameinamia jiko la mkaa, viganja vyote viwili vimelala juu ya makaa mekundu, haviungui, wala havitoi hata moshi, huku meno yakigongana na macho yakimwomba Ema amsaidie. Ema alimvuta kwa nguvu. Mikono ile ilikuwa ya baridi kuliko maji ya bomba alfajiri. Hospitalini hawakuona ugonjwa, ila kipimajoto walikibadilisha mara mbili wakidhani kimeharibika.

"Huyu binti anatufia," Ema alimwambia mumewe. "Mlikutana na nini huko Makambako?"

"Hakuna. Amechoka na safari."

Jioni Maren alimwita Enoki sebuleni. Alikuwa amekaa kwenye kona ya kochi, midomo ya bluu, na harufu ya ng'onda ilikuwa nzito kiasi cha kuhisiwa ulimini.

"Kuna mtu anasema nami," alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, akitazama mlango. "Yumo ndani yangu. Anarudia maneno yaleyale. Nimeyakariri ili unitafsirie."

Akafumba macho, akayatoa polepole, silabi moja baada ya nyingine, kama mtoto wa chekechea anayesoma herufi asizozijua.

"Mwa-mbie... huyo mwongo... kwamba na hapa panapoa. Nikimaliza... joto lako... nitamfuata yeye."

Enoki aliyasikia maneno yale yakitoka katika kinywa kisichojua kinasema nini, akasikia pia, chini ya sauti ya Maren, sauti ya pili ikimfuatisha na kumrekebisha matamshi kwa upole, na nje mbwa wa jirani aliyekuwa akibweka akanyamaza, na ukungu ukawa umejibana kwenye kioo kana kwamba nao unataka kusikia jibu, na Maren akafumbua macho yake yenye matumaini yote ya dunia, akauliza, "Maana yake nini?"

"Ni wimbo," alisema Enoki. "Wa kubembelezea mtoto."

Maren alipumua, machozi yakamtoka. "Kumbe. Namshukuru Mungu kwa kunipa wewe, Enoki. Bila wewe hapa ningekuwa kiziwi."

Enoki alitoka nje mpaka kwenye miwati, akatapika. Aibu ilimshika mwili mzima, ikamwingia mpaka kwenye vidole vya miguu. Lakini tusimwonee huruma mapema. Alijipangusa mdomo, akarudi ndani, akala chakula cha jioni.

Aliyechoka kusubiri ni Ema. Asubuhi alimpigia simu Mwinjilisti Sila wa Mdandu, mzee aliyewaombea watu wengi na asiyejua Kiingereza hata cha salamu. Alifika ukungu haujainuka, koti limelowa, akaweka Biblia mezani na kukaa mbele ya Maren, ambaye sasa hakuweza kuinua shingo. Alipoanza kuomba, Maren alicheka. Kicheko kilikuwa cha mwanamume.

"Mzee, usijichoshe," ilisema sauti ile, kwa Kiswahili safi ambacho Maren hakukijua. "Mimi sikuvunja mlango. Nilikaribishwa. Muulizeni mkalimani wenu."

Jikoni birika lilikuwa linachemka.

"Mzee Enoki?" Sila aliuliza.

"Baba Jasmine," Ema alinong'ona, "umefanya nini?"

Enoki akasema. Alisema akitazama sakafu, mbele ya mke wake, neno kwa neno, mpaka lile la *nenda kwa huyu*. Ema aliweka mkono kinywani na kusogea mbali naye hatua moja. Hatua hiyo ilimuuma Enoki kuliko kama angempiga kofi.

"Aliyekaribisha ndiye wa kufukuza," alisema Sila. "Na mwenzetu huyu hajui alichokikaribisha. Mwambie kwa lugha yake. Yote, usibakize."

Enoki alipiga magoti, akamwambia Maren kwa Kiingereza. Ema hakuelewa maneno, hivyo aliutazama uso wa mgeni kuona kama ukweli unafika. Ulifika. Maren aliutoa mkono wake katika mkono wa Enoki, taratibu, akaufunika kwa blanketi.

Kisha kinywa chake kikafunguka, na ile sauti ya pwani ikatoka. "Haya, amejua. Basi anitajie mtu. Huyu aliyepiga magoti yuko karibu, na bado ana joto. Ataje jina lake tu, mimi nihame."

"Anasemaje?" Maren aliuliza akitetemeka, maana maneno yalikuwa yametoka kwake na hakuyajua.

Enoki angeweza kusema ni wimbo. Alimtafsiria yote, hata pale palipomtaja yeye, kisha akainamisha kichwa kungoja jina lake, na moyoni akaona litakuwa halali.

Maren alikitazama kichwa kilichoinama. Halafu akasema kwa Kiingereza, kwa sauti iliyokatikakatika, na Enoki akafuatisha kwa Kiswahili huku analia.

"Simtaji mtu. Ulikaribishwa kwa uongo, na karibu ile naiondoa. Kwa jina la Yesu, toka, wala usiende kwa mtu yeyote."

Harufu ilinyanyuka ikapita kati yao, nzito, yenye unyevu, Ema akaihisi ikigusa shavu lake. Mlango ukajibamiza, bati likagongwa mara moja juu, kisha mbwa wa jirani akabweka, akapokewa na wa nyumba ya pili, na wa tatu, wakipokezana kuteremka bondeni hadi wa mwisho akasikika kwa mbali sana.

Jasho lilikuwa limemtoka Maren kwenye paji la uso. Sila aliomba sala ya kushukuru. Maren akanyoosha mkono, akauweka juu ya kichwa cha Enoki, akasema naye kwa Kiingereza, maneno mengi, ya upole. Enoki alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

"Amesemaje?" Sila aliuliza.

Enoki alijipangusa kwa mkono wa koti. "Anasema limetoka, mzee. Anasema joto limemrudia." Alimtazama mkewe. "Na anasema amenisamehe."

Ema alimtazama Maren, aliyekuwa anatabasamu kwa uchovu ndani ya blanketi. Akamtazama mume wake, ambaye maneno yake aliyaamini tangu siku ya ndoa yao.

"Mwinjilisti," alisema, "naomba tutafute mtu mwingine anayejua Kiingereza. Aje atuambie mgeni amesema nini."