Usingizi wa Fundi Wakhisi

Saa 4:10 asubuhi

Chumba cha nyuma, Kaloleni. Joram alichora duka la sonara sakafuni kwa chaki: mlango wa uani, ofisi, sefu.

"Saa saba sonara anafunga, anaenda kula. Tuna saa moja. Sefu ina uzito wa ng'ombe. Tukiiburuta kwenye simenti, mtaa mzima utasikia. Fundi, lala."

Wakhisi aliketi, spana mkononi, sufuria tupu sakafuni chini ya mkono huo. Kila usingizi ulipomchukua, vidole vililegea, spana ikaanguka sufuriani ikamwamsha, naye akataja alichoona ndotoni kabla hakijapotea. Maghala mawili waliyafungua hivyo.

"Shemeji analipwa kwa kukoroma," akasema Dalmas, dereva.

Dalmas alimwoa Nakhungu, dada yake Wakhisi. Alfajiri hiyo Nakhungu, mimba ya miezi saba, alimwambia kaka yake: "Wewe ndiye uliyemwingiza kwenye kazi hii. Umrudishe mzima."

Spana ikalia.

"Barafu," Wakhisi akasema. "Mtumbwi unateleza juu ya barafu ya samaki."

Joram akapiga paja. "Dalmas, tafuta barafu!"

Saa 7:15 mchana

Waliinua sefu kwa mtaimbo, wakasukumia mapande ya barafu chini yake. Ikateleza hadi uani bila kelele. Mbao na winchi vikaipandisha kwenye pikapu. Juu yake wakamwaga samaki, ngege wa ziwani.

Saa 7:50 mchana

Kizuizi, barabara ya Nairobi. Askari akainua mkono. Dalmas akatoa kichwa dirishani.

"Jaduong', mzee wangu, hawa samaki wanaoza na wewe unatuangalia tu!"

Askari akacheka. Dalmas akacheka. Wakapita.

Joram hakucheka. Mpaka Nyamasaria alikuwa akimtazama Dalmas kwa jicho la pembeni.

Saa 9:05 alasiri

Kibanda cha mabati. Keekee tatu za kutobolea chuma zilikuwa zimevunjika, sefu haina hata tundu.

"Lala tena," Joram akasema.

Wakhisi akalala. Spana ikaanguka.

"Dalmas," akasema, macho nusu wazi. "Yuko na askari. Wanacheka."

Kisha akaamka kabisa. "Ngoja, Joram! Hiyo ni ya barabarani. Nimeiona mchana ikabaki kichwani."

"Hata barafu ulisema hivyo hivyo, ikawa kweli." Joram akachomoa bastola.

"Barafu ni kitu! Huyu ni mtu!"

Risasi moja.

Dalmas alikaa chini polepole, kiganja tumboni.

"Shemeji," akauliza, "umesema nini?"

Hakungoja jibu. Wakhisi alimshika kichwa mpaka kikawa kizito. Jioni Nakhungu angepika chakula cha watu watatu.

"Mwache huyo," Joram akasema. "Lala. Nataka kujua hii sefu inafunguka vipi."

"Umeua mtu asiye na kosa. Watu wamesikia. Twende!"

Mdomo wa bastola ukamgusa shingoni. Ulikuwa bado moto.

"Nimesema lala."

Wakhisi akafumba macho. Nje mwanamke alipiga nduru. Wanaume wakaitikia, wengi, wakikimbia.

"Umeona nini?" Joram akauliza. Alikuwa akitazama mlango. "Fundi, sema! Umeona nini?"

"Sijalala."

Mlango ukapigwa teke kutoka nje.