Maziwa ya Nyoka Mgongoni mwa Rangel

Kijijini kwa Zlatka kuna mmea uitwao maziwa ya nyoka. Ukiuvunja, unatoa utomvu wa manjano. Watu huupaka kwenye chunjua, na chunjua hudondoka. Basi nani atawaambia kitu?

"Vua shati," Zlatka alimwambia mumewe, Rangel.

"Tena? Unachoma huo!"

"Mwanamume mzima analilia jani!"

Rangel alikuwa na baka jeusi mgongoni. Tangu mavuno ya zabibu lilikuwa linapanuka. Zlatka alilipaka utomvu kila siku. Likafanya kigaga, likafifia. Zlatka akafurahi.

Siku hiyo jirani yao, Neviana, alikuja kuchukua kikapu cha mmea huohuo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mimea katika maabara ya mjini.

"Wewe bado unatafuta dawa ya saratani ya ngozi," Zlatka alijigamba. "Mimi natibu tayari!"

Neviana aliutazama mgongo wa Rangel. Hakucheka.

"Shangazi, acha kupaka. Mpeleke kwa daktari wa ngozi leo."

"Kha! Si ulisema utomvu unaua saratani?"

"Kwenye kisahani cha maabara, ndiyo. Hata siki inaua humo! Utomvu huu unaunguza kibaya na kizima pamoja. Sisi tunatafuta kitu kimoja ndani yake, kinachoua saratani na kuuacha mwili salama. Hatujakipata. Tukikipata, kitajaribiwa miaka mingi kwanza."

"Lakini baka limefifia!"

"Juu tu. Chini huenda linaendelea, na wewe unalificha daktari asilione. Baka likipanuka, likibadilika rangi au likitoa damu, halipakwi kitu. Linaonyeshwa daktari."

Zlatka alishika kichwa. "Mungu wangu, nimemuua mume wangu!"

"Hujaniua, nina njaa," alisema Rangel, akivaa shati. Kisha akaelekea mlangoni. "Twende."

Daktari alilikata baka, likapimwa. Ilikuwa saratani kweli, ila haikuwa imesambaa. Rangel alipona. Sasa kila mwaka anarudi kukaguliwa ngozi.

Zlatka bado anamchumia Neviana mmea. Juzi jirani yake Penka alimkuta njiani na kikapu.

"Nipe kijiti kimoja. Nina baka shingoni, linakua."

Zlatka alikihamishia kikapu mkono wa pili, mbali na Penka.

"Hii ni ya kisahani. Geuka nione."

Alilitazama lile baka. Kisha akafungua aproni yake.

"Chukua koti, Penka. Tunakwenda mjini."