Skrubu ya Kamera ya Mama

Kila siku akitoka shule, hata kabla hajavua sare, Bisibisi alikuwa na kazi moja: kumtembeza mama yake kinyumenyume.

Mgeni asiyejua angedhani nyumba ile ina wendawazimu wawili. Mama alianzia jikoni, fremu ya kamera ikiwa begani, jicho limeganda kwenye kioo kidogo cha kutazamia, akarudi nyuma kupitia sebuleni mpaka uani bila kugeuka hata mara moja. Bisibisi alimshika mkanda wa kiunoni kwa nyuma na kumwongoza kwa maneno machache.

"Kizingiti."

Mama alinyanyua mguu.

"Kushoto kidogo, kuna ndoo. Sasa ngazi mbili."

Mama alishuka ngazi hizo mbili bila kuzitazama, kamera imetulia tuli, kisha akauliza, "Nyuma?"

"Peupe, Mama."

Mama alipiga video za harusi na mahafali. Anayepiga video ya maharusi hutangulia mbele yao huku akiwatazama, kwa hiyo miguu yake huenda kule asikokuona. Ni lazima awe na mtu wa kumwazima macho. Mama alikuwa na binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa Bisibisi kwa sababu chombo hicho hakikumtoka mfukoni. Alikwisha kufungua saa ya ukutani, redio na pasi, na vyote vilifanya kazi tena, isipokuwa pasi. Habari za pasi hazikutajwa nyumbani.

Kamera yenyewe Mama aliidunduliza miaka mitatu. Alipoipata, aligundua kwamba safari ndiyo kwanza inaanza. Kamera ya kazi ni nzito. Huwezi kuishika mikononi saa nzima bila picha kutetemeka. Inahitaji fremu ya kukaa begani, na ile ya dukani bei yake ilikuwa karibu nusu ya kamera. Mama aliuliza bei, akashukuru kwa adabu, akatoka. Kesho yake alichora fremu nyuma ya kalenda ya zamani, akaenda na binti yake kwa jirani yao, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Cheche.

Mzee Cheche aliugeuza mchoro juu chini, chini juu. "Hiki ni kiti au jembe?"

"Ni fremu ya kamera, Mzee," Mama alisema. "Hapa inakaa begani, hapa nashika, hapa mbele inakaa kamera. Nyuma tunafunga chuma kizito, ili kamera isinivute."

"Na malipo?"

Mama alianza kuukunja mchoro wake. Mzee Cheche akakuna kidevu, akatazama nyumba yake ng'ambo ya barabara. "Binti yangu anaolewa mwezi ujao. Nipigie video, tangu anapotoka mlangoni kwangu mpaka mwisho wa sherehe. Mimi nakutengenezea hili jembe lako. Tumemalizana?"

"Tumemalizana, Mzee."

Kazi ilichukua wiki mbili. Mzee Cheche alikata mabomba na kuyachomelea; Bisibisi aliyapiga tupa mpaka ncha zikawa laini; Mama alishona mto wa begani kwa sponji ya kiti kilichochakaa. Vishikio vilivalishwa mipira ya usukani wa baiskeli. Mara ya kwanza fremu iliinamia mbele kama mtu anayesinzia darasani, wakaongeza chuma nyuma mpaka ikasimama sawa. Mwisho Mzee Cheche alitoboa bamba la mbele, na skrubu moja fupi, iliyokuja na kamera, ikapita kwenye tundu hilo na kuikamata kamera kwa chini.

Mama aliishika skrubu ile kwa vidole viwili. "Roho ya kitu chote ni hii. Bisibisi, kuanzia leo ni yako. Wewe utaifunga, wewe utaifungua, na utaitunza katika kikopo chake."

Bisibisi alivimba kichwa, kusema kweli. Siku ya Ijumaa, kesho yake ikiwa ndiyo harusi, aliitoa skrubu kwenye kikopo akaenda nayo shuleni kuwaringia wenzake. Wakati wa mapumziko, akiwa bombani ananawa mikono, skrubu ilimponyoka, ikagonga saruji mara moja, ikatumbukia kwenye mfereji wa maji machafu. Alichokoa kwa kijiti mpaka kengele ikalia. Hakuna alichopata ila tope.

Njiani alipanga maneno yake vizuri: Mama, nimekosa, nimepoteza skrubu. Yalikuwa maneno manne tu. Lakini alimkuta Mama ananyoosha shati lake la kazi kwa pasi ya kuazima huku akiimba, na maneno hayo manne hakuyasema. Akazunguka nyuma ya nyumba, akafungua bolti kwenye keria ya baiskeli yake. Unene wake ulilingana na ule wa skrubu, hata urefu. Ungeziweka pamoja kiganjani, ungesema mapacha. Tofauti ilikuwa kwenye meno: ya bolti yalikaribiana zaidi. Ilipoingia chini ya kamera ilizunguka mara mbili, ikagoma. Bisibisi akaikaza kwa koleo. Ikalia kidogo, ikauma. Alitikisa kamera, haikucheza.

"Imekaza," alijisemea, lakini hakujiamini.

Jioni, kama ilivyokuwa desturi yao kabla ya kila kazi, Mama alisoma orodha na Bisibisi akajibu.

"Betri?"

"Nne, zimejaa."

"Kadi za kuhifadhia?"

"Mbili, tupu."

"Skrubu ya bamba?"

"Imekaza."

"Ile ile?"

Swali lilikuwa la kawaida tu. Mama aliuliza hivyo siku zote. Bisibisi akajibu upesi, "Ile ile, Mama."

Mama akaweka alama ya vema kwenye karatasi. Hakuinuka kuangalia, na hilo lilimchoma Bisibisi kuliko kama angeinuka.

Jumamosi asubuhi uwanja wa Mzee Cheche ulifurika ndugu na majirani. Mwenyewe alivaa suti, na kola ilimbana shingo hata akawa anageuka na mwili mzima. Mama alisimama barazani, fremu begani, amewasha kamera. Bisibisi alikuwa nyuma yake, mkono kwenye mkanda. Mlango ukafunguliwa. Bibi harusi akatoka, amemshika baba yake mkono, na Mama akaanza kurudi nyuma polepole.

"Nyuma?" alinong'ona.

Bisibisi aliinua macho, akaona kamera imeinama upande mmoja juu ya bamba. Ilikuwa imeinama kidogo tu, unene wa ukucha. Nyuma yao kulikuwa na ngazi mbili za saruji. Mama akishuka ngazi ya kwanza, uzito wote ungeruka na bolti ingeng'oka.

Wazo la kwanza lililomjia, na ni aibu kulisema, lilikuwa kwamba hakuna atakayejua. Kamera ikianguka atasema skrubu ililegea yenyewe. Vitu hulegea. Lakini mguu wa Mama tayari ulikuwa hewani, kisigino kinatafuta pa kukanyaga, na Mama hakutazama chini kwa sababu mwanawe alikuwepo. Miaka mitatu ya jasho ilikuwa inangoja neno lake moja.

"Mama, simama," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nilikudanganya. Skrubu si ile ile."

Mama alisimama. Bila kuuliza kitu alipeleka mkono chini ya kamera, akaidaka, akapiga goti taratibu mpaka fremu ikatua sakafuni. Watu wakageuka kutazama. Mlangoni, Mzee Cheche hakuwa na habari nao. Alikuwa amemvuta binti yake kifuani, anamwambia kitu sikioni, na machozi yanamtiririka. Mtaa ule haukuwahi kumwona Mzee Cheche akilia, hata siku cheche ilipomwingia jichoni. Na kamera ilikuwa chini, inatazama viatu.

Mama hakumkaripia mbele za watu. Alisema tu, "Nenda kamwambie mwenyewe."

Hatua zilikuwa nne au tano, na zote zilikuwa nzito. "Shikamoo, Mzee," Bisibisi alianza, akitazama vifungo vya suti. "Nilipoteza skrubu nikaweka bolti ya baiskeli. Nikamdanganya Mama. Ndiyo maana video imekatika. Naomba unisamehe."

Mzee Cheche alifuta uso kwa kiganja. Alichuchumaa na suti yake mpya, akaizungusha bolti kwa vidole. Ilitoka bila ubishi. Akatazama tundu la chini ya kamera. "Meno ya mwanzo yameliwa. Ya ndani mazima." Kisha akasema, bila kumtazama Bisibisi, "Tutaongea siku nyingine. Leo nina harusi."

Mpiga picha za mnato, aliyekuwa amesimama pembeni, alitoa skrubu ya akiba mkobani mwake. Iliingia, ikashika. Bibi harusi alikubali kurudi ndani na kutoka upya. Alitoka anacheka, na baba yake akajitahidi kutabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Yale ya mara ya kwanza hayakurudi. Huwezi kumwambia mzazi alie tena kwa ajili ya kamera.

Kazi iliyobaki ilikwenda salama. Lakini walipofika kwenye ngazi za ukumbi na Bisibisi akasema, "Ngazi tatu," Mama aligeuza shingo, akazihesabu mwenyewe, ndipo akashuka. Hakuwahi kufanya hivyo. Bisibisi aliona heri angechapwa.

Wiki iliyofuata walipeleka video kwa Mzee Cheche. Walikaa karakanani kwake, juu ya mabenchi, kompyuta ndogo ikiwa kwenye meza ya kazi iliyopanguswa mavumbi ya chuma. Harusi ilianza: mlango, bibi harusi, baraza. Ghafla sauti ya mtoto ikasema wazi, "Mama, simama. Nilikudanganya." Picha ikashuka, ikaonekana sakafu na viatu vya watu, maana kamera haikuwa imezimwa. Baada ya sauti hiyo ilisikika nyingine, nzito, iliyokatikakatika: "Mwanangu, nyumba hii ni yako siku zote."

Mama alisimamisha video. "Hapa nitakata, Mzee. Nimekuachia uone kwanza, ili ujue kwamba sikukulipa yote tuliyopatana."

Mzee Cheche aliisogelea kompyuta. "Rudisha nyuma kidogo." Akasikiliza tena, macho kwenye vile viatu. "Usikate."

"Lakini sauti ya huyu mtoto—"

"Usikate, mama. Sauti yangu imo. Na huyo angenyamaza, kamera ingevunjika, nisingekuwa na video wala wewe usingekuwa na kazi." Alimgeukia Bisibisi. "Shuleni mnafundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi na ufa tunajuana. Watu huniletea geti, ufa wamepaka rangi juu, unang'aa. Rangi haizibi ufa, inauficha tu mpaka siku mzigo utakapokuja. Ungemwambia mama yako Ijumaa, ningetafuta skrubu kabla chai haijapoa. Ulipongoja mpaka Jumamosi, mimi ndiye niliyelipa. Kosa lako si kupoteza skrubu; skrubu zinapotea. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, wakati kosa bado ni dogo na ni lako peke yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mzee."

"Basi na mimi nimelipwa. Fremu ni yenu."

Walirudi nyumbani, wameshika mkoba wa kamera kila mmoja upande wake. Karibu na mlango Bisibisi alisimama. Lilikuwepo swali ambalo alilibeba wiki nzima, na sasa aliona ni afadhali aliulize kabla halijakua.

"Mama, kwenye ngazi, utakuwa unageuka kuangalia?"

Mama alifikiri. Angeweza kumbembeleza, lakini hakutaka kumdanganya.

"Kwa sasa, ndiyo," alisema. "Nitageuka. Sikukasirikii, ila shingo yangu imepata wasiwasi. Wewe endelea kuniambia ukweli, kizingiti kwa kizingiti. Iko siku nitasahau kugeuka, na siku hiyo utaijua mwenyewe, maana wewe ndiye utakayekuwa nyuma yangu."

Bisibisi aliitikia kwa kichwa. Akatangulia kufungua mlango, akaushikilia ili mama yake apite.